Hewa ukaa chini ya ardhi: Lindi ikiulizwa, kifuniko kigongwe kwanza

Kwa mkazi wa Mtanda, Lindi mjini, habari za gesi si ngeni. Kaskazini mwa mji, si mbali, ni Likong'o, eneo lililotengwa kwa ajili ya mtambo wa kugeuza gesi asilia kuwa kimiminika. Makubaliano ya awali yalisainiwa Dodoma Juni 11, 2022.

Mengi yamesemwa kuhusu ajira na fidia. Swali moja linasikika kidogo sana: hewa ukaa ya mtambo huo itakwenda wapi?

Leo hakuna hewa ukaa inayofukiwa Lindi. Lakini Equinor ya Norway, moja ya kampuni zilizo kwenye mradi huu, imekuwa ikiifukia chini ya bahari kwao, eneo la Sleipner, tangu 1996. Kwa hiyo hoja hii ikifika mezani, isitukute tumelala.

Kinachoizuia isitoke

Angalia Songo Songo, Kilwa. Gesi iligunduliwa huko 1974 na ikaanza kutumika Dar es Salaam 2004. Kabla ya hapo ilikaa chini mamilioni ya miaka. Kwa nini haikutoka? Juu yake kuna mwamba wa tope, tope la kale lililogandamizwa likawa jiwe lenye matundu madogo mno. Huo ndio mfuniko wa chungu.

Udongo wa pwani hii una sifa duniani. Wanasayansi waliochimba visima vya utafiti Kilwa na Lindi walikuta maganda madogo sana ya viumbe vya baharini yakiwa karibu kama mapya, ingawa yana zaidi ya miaka milioni 30. Tope zito halikuruhusu maji kupenya na kuyaharibu. Mwaka 2009 maganda hayo yalitumika kukadiria kiasi cha hewa ukaa kilichokuwa angani enzi hizo.

Sasa shida iko hapa. Maganda hayo ni chokaa. Hewa ukaa ikichanganyika na maji inakuwa na uchachu, na uchachu unakula chokaa. Mfuniko uliohimili gesi asilia miaka yote hiyo si lazima uhimili hewa ukaa vilevile.

Kugonga chungu

Mama akinunua chungu sokoni anakigonga kwanza. Kizima kinalia, chenye ufa kinatoa sauti butu. Wataalamu hufanya hivyohivyo: wanapeleka mtetemo ardhini, kisha wanapima unavyorudi.

Kuna mawimbi ya aina mbili. Moja husukuma na kubana, kama sauti. Jingine hutikisa kwa kando. Hewa ukaa ikisukuma maji ndani ya vitundu vya mwamba, wimbi la kubana hupungua kasi, kwa sababu hewa hiyo hubonyea kirahisi kuliko maji. Wimbi la kando halibadiliki sana, maana halitegemei kilichojaa kwenye vitundu bali ugumu wa mwamba wenyewe. Likipungua nalo, basi huenda mwamba umeanza kulainika au kupata nyufa.

Mwamba wa tope una ujanja wake pia. Umejipanga kwa matabaka, na mtetemo hukimbia zaidi ukifuata matabaka kuliko ukiyakata. Ukipima upande mmoja tu, unaweza kudanganyika.

Funzo la Algeria

Huko In Salah, Algeria, hewa ukaa ilianza kufukiwa 2004. Zilipofika karibu tani milioni 4, kazi ikasimamishwa 2011. Satelaiti zilionyesha ardhi imeinuka kwa milimita kadhaa, na vipimo vya mtetemo vikatia shaka kwamba shinikizo limefungua nyufa hadi sehemu ya chini ya kifuniko. Haikuthibitika kwamba hewa ilipenya kifuniko chote, lakini hawakusubiri ipenye.

Sleipner mambo yamekwenda vizuri zaidi. Sababu moja ni kwamba eneo lilipimwa 1994, kabla ya kuanza, kisha likarudiwa mara kwa mara. Picha ya kwanza ndiyo inayokuonyesha kilichobadilika.

Tudai nini?

Agosti 12, 2020 tetemeko la 5.9 lilitokea baharini kusini mashariki mwa Dar es Salaam. Lilikuwa la asili, halihusiani na mambo haya. Ila linatukumbusha kwamba pwani yetu hutikisika, na bila vipimo vya kabla, mtikisiko wowote baadaye utageuka ubishi: mradi au Mungu?

Kwa hiyo siku wakija na hoja ya kufukia, maswali ni matatu. Kifuniko kimepimwa kabla ya tani ya kwanza? Kitapimwa tena kila baada ya muda gani, na nani atalipa? Na majibu yatabandikwa wapi ili mtu wa Mtanda ayaone, au yataishia kwenye makabati ya Dodoma?

Chungu hugongwa kabla ya kulipia. Ukishafika nacho nyumbani, ufa ni wako.