Anayeuza barazani naye yuko kazini

Ukipita mitaa ya Kimara asubuhi, iwe Korogwe, Baruti au Bucha, hutembei mbali kabla ya kukuta meza ya nyanya na vitunguu, friza ya maji na barafu, dirisha la duka au banda la kuku uani. Wenye biashara hizo wengi ni akina mama. Lakini mwulize jirani, au hata mume, mama huyo anafanya kazi gani, na mara nyingi jibu ni jepesi: "Yupo tu nyumbani."

Jibu hilo linaleta hasara kuliko watu wanavyodhani. Mtu anayehesabiwa kuwa "yupo tu" hutumwa na kila mtu. Mume anapiga simu ampokee fundi bomba. Jirani anakuja kuazima kinu na anakaa saa nzima. Shangazi akitoka Morogoro anafikia hapo kwa sababu ndipo penye mtu mchana. Kamati ya harusi nayo inaona ni mahali pazuri pa kufanyia kikao. Kila mmoja anaomba dakika chache tu, lakini ifikapo saa nne wateja watatu wamegonga dirisha, wamekosa wa kuwahudumia, wakaenda duka la pili. Mteja wa mtaani hana subira. Akikosa huduma mara mbili, mara ya tatu hagongi.

Biashara za nyumbani si jambo geni Kimara, ila zipo zilizorudi huko kwa kulazimika. Mwaka 2017 majengo yaliyokuwa ndani ya hifadhi ya Barabara ya Morogoro, kutoka Kimara kuelekea Kibaha, yalibomolewa kupisha upanuzi wa barabara, na fremu za biashara zikaondoka pamoja nayo. Mwaka 2021 ikaja zamu ya wamachinga kuondolewa kandokando ya barabara za jiji. Kwa aliyepoteza mahali pa kuuzia na hana fedha za kulipia pango la miezi sita mahali pengine, baraza ya nyumbani ndiyo iliyobaki. Faida zake zinajulikana: hakuna kodi ya fremu, hakuna nauli, na mtoto akiugua mama yupo karibu. Lakini fremu ilikuwa na kitu ambacho baraza haina. Ilikuwa na mlango unaofungwa na kufunguliwa kwa saa zake. Mtu aliyetoka asubuhi akarudi jioni, hata mawifi walijua kwamba mchana hapatikani.

Kwa hiyo kitu cha kwanza anachopaswa kurudishiwa mfanyabiashara wa nyumbani ni saa zake za kazi, na hilo huanza kwa kuangalia wateja wanakuja saa ngapi. Genge la Kimara huuza asubuhi, watu wanapotafuta cha chai, kisha huchangamka kuanzia saa kumi alasiri hadi saa mbili usiku, abiria wanaposhuka kwenye mabasi Kimara Mwisho na kupitia mboga njiani. Katikati, kati ya saa tano na saa tisa, biashara hulala. Huo ndio muda wa kufua, wa kupokea fundi na wa kukaa na shangazi. Kinachofanyika katika nyumba nyingi ni kinyume chake: nguo zinafuliwa asubuhi kwa sababu ndivyo ilivyozoeleka, na saa kumi na mbili jioni, foleni ikiwa dirishani, mama yuko jikoni anasonga ugali. Ugali ule ungeweza kusongwa na mwingine. Baba aliyerudi mapema anaweza pia, na hakuna sheria inayomkataza.

Saa zikishapangwa ni lazima zitangazwe ndani ya nyumba, tena na baba au mkubwa wa familia mwenyewe. Mama akisema peke yake huonekana ana maringo.

Usumbufu mwingine hauchukui muda, bali unachukua mali. Mtoto anatoa soda, binti anachota mafuta ya kupikia, mchele wa dukani unaingia jikoni "kwa leo tu". Chukua mfano wa nyumba inayotoa dukani bidhaa za Sh 2,000 kila siku. Kwa mwezi ni Sh 60,000. Ikiwa faida ya duka hilo ni Sh 10 katika kila Sh 100 ya mauzo, itabidi auze bidhaa za Sh 600,000 ili kurudisha tu kilicholiwa. Si kwamba familia isile. Ile, lakini inunue, kwa fedha ya matumizi ya nyumbani, na iandikwe kwenye daftari kama mteja mwingine. Fedha za mauzo nazo zikae mbali na za nyumba. Wenye Lipa Namba wamerahisishiwa jambo hili, maana malipo ya wateja hayaingii kwenye laini ileile ambayo ndugu wanaombea nauli. Friza inayotumia umeme wa LUKU ya nyumba ihesabiwe pia. Wapo wanaouza barafu mwaka mzima wakiamini wanapata faida, kumbe wanaolipa ni wanaonunua umeme.

Kwa mfugaji wa kuku wa nyama mambo ni mazito zaidi, kwa sababu kifaranga hasubiri. Wiki za mwanzo anahitaji joto usiku na mchana. Jiko la mkaa likizimika wakati mama ameitwa kwa jirani, vifaranga hujikusanya kona moja, wakalaliana na kufa. Lakini mahali ambapo wageni huponza wafugaji bila wao kujua ni kwenye chanjo. Ratiba iliyozoeleka ni Kideri siku ya 7, Gumboro siku ya 14, kisha Kideri tena siku ya 21. Chanjo hizo kwa kawaida hunyweshwa katika maji. Vifaranga huondolewa maji kwanza, saa moja hadi mbili, ili wapate kiu; chanjo huchanganywa na maji safi yasiyo na dawa ya klorini; vyombo huwekwa kivulini, na maji yote yanapaswa kunywewa ndani ya saa mbili hivi. Baada ya hapo chanjo hupoteza nguvu.

Sasa hodi ikipigwa chupa ikiwa imekwisha kufunguliwa, mwenye banda hufanya nini? Adabu inamtaka apokee mgeni, aandae chai, aulize habari za huko atokako. Anarudi bandani jua limeshafika kwenye ndoo, ananywesha hivyohivyo, kisha anaandika kwenye kalenda kwamba amechanja. Kideri ikiingia wiki chache baadaye na kufagia banda, lawama zote humwangukia muuza chanjo. Siku ya chanjo inajulikana mapema, hivyo nyumba nzima na ijulishwe kwamba asubuhi hiyo mama hapatikani. Na mgeni anayetaka kuona kuku, hasa kama naye anafuga, aonyeshwe kwa nje. Viatu vyake vinaweza kuleta ugonjwa kutoka banda lake. Kumzuia si kiburi.

Watoto ni suala jingine. Shule zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona na kuendelea kufungwa hadi mwishoni mwa Juni, waliokuwa wakifanyia biashara nyumbani walikuwa na watoto mlangoni kutwa nzima. Likizo za kawaida huleta hali hiyohiyo, ingawa kwa ufupi. Mtoto aliyepewa kazi yake, hata ya kupanga chupa tupu au kufunga ubuyu, husumbua kidogo kuliko aliyeambiwa tu akacheze mbali.

Umebaki msiba, ambao hauna ratiba na hakuna wa kuukwepa. Anayefunga moyo na kuendelea kuuza wakati turubai limefungwa nyumba ya tatu atajulikana mtaani kwa jina baya, na siku yake ikifika atazika peke yake. Wala si lazima duka lifungwe siku tatu. Bei za bidhaa zote ziandikwe kwenye kipande cha boksi ndani ya dirisha, pamoja na majina ya wanaoruhusiwa kukopa na kiwango cha mwisho cha kila mmoja. Hapo hata binti wa darasa la saba, akitoka shule na kula, ataweza kuuza kwa saa mbili na kuandika kila alichotoa, mpaka mama atakaporudi kutoka matangani.