Kuitwa si Kuabudu



Miezi michache iliyopita nilipokea barua kutoka Uingereza. Aliyeiandika ni mwanamke niliyemfundisha Kiswahili kidato cha tatu na cha nne hapa Tanga, zaidi ya miaka ishirini iliyopita. Baada ya "Shikamoo Mwalimu" na habari za watoto, aliingia katika haja yake bila kuzunguka. Kwa muda wa mwaka mzima amekuwa akimwota mwanamke mwenye pembe kichwani na duara la jua katikati ya pembe hizo. Sasa anaamini kwamba anaitwa na Isis, yule ambaye vitabu vyetu humwita "mungu wa kike wa Misri ya kale". Amejiunga na watu wachache wanaokutana kumwabudu. Wenzake husali kwa Kiingereza, lakini yeye anataka utenzi wa Kiswahili, kwa kuwa mwanamke wa ndotoni humsemesha kwa Kiswahili. Akaniomba nimtungie.

Mimi ni Mwislamu, na jibu la ombi lile nililijua kabla sijaikunja barua. Hata hivyo, "hapana" inaweza kutoka katika imani, na inaweza kutoka katika uvivu wa kufikiri. Ile ya pili niliwahi kuitoa, na nitaieleza hapa chini. Safari hii nimeona niifikirie barua yenyewe kwa kile ninachokijua kidogo, yaani lugha.

Huko aliko jambo hili si kioja. Uingereza iliifuta Sheria yake ya Uchawi ya 1735 katika mwaka 1951, na mwaka 1954 Gerald Gardner akachapisha kitabu kilichowafanya watu wengi watamani kufufua ibada za kabla ya Ukristo. (Sheria ya Uchawi waliyotuachia sisi, ya 1928, ingali vitabuni.) Mwaka 1976, katika ngome ya Clonegal nchini Ireland, ulianzishwa ushirika wa wafuasi wa Isis ambao umeenea nchi nyingi. Watu wa mkondo huu hujiita wapagani, tena kwa fahari.

Neno hilo lingewashangaza wazee wetu. Mpagani tulipewa na wamisionari, nao walilirithi kutoka Kilatini, ambako maana yake ya awali ilikuwa mtu wa mashambani. Sisi watu wa pwani hatukuwa na haja ya kufundishwa dharau hiyo, maana tulikuwa na mshenzi wetu, mtu wa bara asiyejua ustaarabu wa mjini. Darasani nilikuwa na wanafunzi waliodhani kwamba mpagani ni mtu aliyepagawa. Nilicheka na kuwasahihisha, kwa sababu maneno hayo mawili hayana undugu wowote. Siku hizi nadhani kosa lao lilikuwa na busara yake, kwa kuwa lilitoka kwenye neno lenyewe la kizungu likaenda kwenye neno la nyumbani.

Tuanze na nomino, kwa kuwa huko ndiko mabishano yetu huanzia. "Mungu wa kike" ni tafsiri sahihi kikamusi, lakini sikioni ina kasoro. Kiswahili hakigawi nafsi kwa jinsia: yeye ni yeye, mume au mke, na kiambishi a- hakiulizi. Tunaposema "-a kike" huweza kuwa tunasema juu ya viatu, nguo, au sauti. Kumwambia mtu anayeabudiwa kwamba ni mungu "wa kike" ni kama kumtafutia rafu dukani. Mshairi anayehitaji kumtaja mwanamke mtukufu ana neno la kale lililo zuri zaidi, nalo ni Mwana, kama lilivyo katika jina la Mwana Kupona.

Wengine husema tumtumie mzimu. Neno hili limekwisha kufanya kazi yake hapa kwetu. Kilomita chache kaskazini ya mji, kando ya njia iendayo Horohoro, kuna Mapango ya Amboni, na ndani yake kuna mahali ambapo watu wameacha vitambaa, ubani na chupa za marashi, wengi wao wakiwa wanawake wanaotafuta mtoto. Lakini mzimu ni wa mahali. Uko pangoni, mbuyuni, makaburini. Mzizi wake ni mmoja na kuzimu. Wala sarufi haikuuweka pamoja na watu: husema mzimu umekasirika, mizimu imenyamaza. Hauvuki bahari kumfuata mtu chumbani mwake Uingereza.

Anayevuka bahari ni pepo. Hapa ndipo nilipomkumbuka bibi yangu, mzaa mama.

Bibi alikuwa kiti. Msomaji asiye wa pwani aelewe kwamba kiti ni mtu ambaye pepo humpanda. Alisali sala tano, akafunga Ramadhani mpaka mwaka aliokufa, na alikuwa na chano chake chenye udi na marashi ambacho sisi watoto tulikatazwa kukigusa. Pepo wa pwani hii hawakuwa wa kabila moja. Walikuwepo maruhani, waliohesabiwa kuwa Waarabu na kupenda weupe na manukato. Walikuwepo kibuki, waliotoka Buki, yaani Madagaska, na kupenda pombe kali ya kizungu. Walikuwepo habeshia wa Uhabeshi. Kila mmoja alikuja na lugha yake, nguo zake na chakula chake, kama walivyokuja mabaharia na wafanyabiashara kwa majahazi. Kwa hiyo binti wa Tanga kutokewa na Mwana kutoka Misri kusingemstaajabisha bibi hata kidogo. Angeuliza maswali yale yale yaliyoulizwa katika kila ngoma ya pepo: Wewe ni nani? Umetoka wapi? Unataka nini?

Sasa tazameni vitenzi. Mtu huitwa, hupandwa, hupagawa: vyote ni vya kutendwa. Hakuna aliyesema "nimejipandisha pepo" ila kwa kuungama udanganyifu. Mara nyingi mwito ulianza kwa maradhi, na aliyeitwa alikuwa wa mwisho kuupenda. Na upande wa pili, upande wa yale ambayo mtu humfanyia pepo, vitenzi ni kumtuliza, kumridhisha, kumlisha, kumchezea ngoma, kumpunga. Sikumsikia bibi hata siku moja akisema kwamba anamwabudu. Kuabudu na kusali vilikuwa na mwenyewe mmoja, wala havikukopeshwa. Wapo masheikh waliosema, na wanaosema hadi leo, kwamba hata huko kulisha ni ushirikina, na hoja yao naiheshimu. Neno lenyewe latokana na kushirikisha. Lakini msemaji wa kawaida wa Kiswahili alichora mpaka wake kwa kitenzi, na alijua siku zote yuko upande gani wa mpaka huo.

Hilo ndilo neno langu katika makala haya. Tunagombania nomino, kama huyu ni mungu, mzimu, pepo au shetani, ilhali jambo zito limo katika kitenzi. Mwanafunzi wangu aliandika: "Ninaitwa, kwa hiyo nataka kumwabudu." Hiyo "kwa hiyo" ni ya lugha nyingine. Kwa Kiswahili cha pwani, kuitwa hakuzai kuabudu. Kunazaa maswali, kisha kunazaa deni.

Deni hilo si la kwetu peke yetu. Apuleius, mzaliwa wa Madauros katika nchi tunayoiita leo Algeria, aliandika kwa Kilatini katika karne ya 2 hadithi ya kijana Lucius aliyechezea uchawi akageuka punda. Ni Isis aliyemtokea akiwa amelala ufukweni, mwezi ukichomoza kutoka baharini, akamwahidi kumrudishia umbo lake. Wasomaji wengi huishia kwenye muujiza. Mimi hunivutia yanayofuata. Lucius anataka kuingizwa katika ibada upesi, naye kuhani anamzuia: hakuna aingiaye mpaka Isis mwenyewe atoe ishara ya siku na ya gharama. Baadaye, huko Roma, anaitwa tena na hana fedha, hata anauza nguo zake ili atimize ada. Mtu yeyote aliyemwona shangazi yake akiuza mbuzi ili kulipia ngoma ya pepo atakielewa kisa hicho bila mfasiri. Wafuasi wa kale wa Isis walikuwa na makuhani wa kuwazuia, na tarehe 5 Machi walikuwa na sikukuu ya kushusha merikebu majini kufungua msimu wa safari, mji mzima ukishuhudia. Kisha hekalu lake la Philae, karibu na Aswan, likafungwa katika karne ya 6 kwa amri ya mfalme Justinian, na waliojua jinsi ya kumwuliza anataka nini wakaisha.

Wanaomfufua leo wana vitabu na wana hamu, na sina sababu ya kuudhihaki unyofu wao. Kinachonitia mashaka ni kwamba kila anayehisi mwito hujifasiria mwenyewe, hujipangia ada mwenyewe, na hujithibitishia mwenyewe. Kwa bibi, kilinge kilikuwa na watu, na watu wale waliweza kusema: huyu hana pepo, ana huzuni, mpelekeni kwa mama yake. Mwito usio na wa kuukataa ni vigumu kuupima.

Nimesema nitaeleza "hapana" yangu ya kwanza. Katika kidato cha tatu niliwapa wanafunzi insha: "Mtu ninayemkumbuka." Binti huyu huyu aliandika juu ya bibi yake aliyepandwa na ruhani, alivyobadilika sauti, na yeye mtoto akiwa nyuma ya pazia akiogopa na kumwonea fahari. Ilikuwa insha bora ya darasa. Nikaandika chini yake kwa wino mwekundu: "Hizi ni imani potofu. Chagua mada yenye manufaa." Mimi, mjukuu wa kiti! Nilikuwa mwalimu kijana kutoka chuoni, mwenye kuona haya kwa yale yaliyokuwa nyumbani kwetu, na nilidhani kwamba ninailinda dini na maendeleo kwa kalamu moja. Mwaka ule ule darasa lilikuwa likisoma Kinjeketile ya Ebrahim Hussein, tamthilia ya 1969 juu ya mtu aliyeitwa na mizimu majini kisha akashindwa kujua neno alilopewa lilikuwa la nani. Nilisahihisha maswali ya tamthilia ile kwa heshima zote, na insha ya mtoto nikaifuta.

Sisemi kwamba wino wangu ndio uliompeleka kwa Isis. Njia za nafsi hazifuatwi kwa urahisi hivyo. Nasema kwamba nilipolifunga neno la karibu, sikumwachia ila neno la mbali. Alipoanza kuota, lugha aliyopewa shuleni haikuwa na msamiati wa kuisemea ndoto ile isipokuwa "imani potofu", na lugha ya ugenini ilikuwa nao.

Nimemwandikia kwamba utenzi sitamtungia. Sababu ya kwanza ni imani yangu. Ya pili ni ya kazi: tenzi zetu za kale hufunguliwa kwa jina la Mungu, kisha mtunzi huomba wino na karatasi, ndipo akaingia katika habari yake. Mlango huo si pambo. Nikiuondoa nimebaki na mizani nane na vina, kiunzi kisicho na nyumba. Nikiubakiza nimefungua kwa jina moja na kusujudu kwa jingine. Nikamwambia pia kwamba insha ile ilikuwa nzuri, na kwamba mwalimu ndiye aliyekosea. Nikamwomba aiandike upya, sasa akiwa mtu mzima. Mwisho nikamwandikia yale maswali matatu ya bibi, ajibu kwa Kiswahili kwa kuwa ndiyo lugha ya ndoto yake.

Kwenu washairi nina ombi. Wazee wanaojua kiti, mkoba, chano, kilinge, na majina ya ngoma na pepo wa pwani hii wanapungua kila msimu. Yaandikeni maneno hayo. Kuliandika neno si kuliabudu, na anayechukia jambo naye anahitaji jina lake. Mkitunga juu ya mwito, wa Mungu, wa mizimu au wa Mwana kutoka Misri, chagueni kitenzi kwa uangalifu kuliko nomino, maana msomaji atakuamini au atakukataa hapo.

Jibu lake lilinifikia wiki iliyopita. Maswali mawili ya kwanza aliyajibu kwa kurasa mbili. La tatu alilijibu kwa mstari mmoja: "Mwalimu, anataka nini sijui, sijawahi kumwuliza." Chini yake alikuwa ameanza insha, nayo inaanzia nyuma ya pazia.