Tunawaogopa Wasiotudhuru

Mwezi huu ukurasa wetu wa afya hauzungumzii vidonge wala lishe. Unazungumzia majirani zetu wenye miguu minne, wenye mabawa na wasio na miguu kabisa, ambao tunakutana nao kila siku tukiwa nyumbani au tukiwa juu ya baiskeli. Maoni yetu ni haya: sisi watu wa Mara tunawajua wanyama kwa sura, lakini bado hatujajua yupi wa kuogopwa. Asiye na kosa tunampiga mawe, na anayeua tunalala naye uani.

Neema ya macho

Kwanza tukubali kwamba tumejaliwa. Mtu akitoka Musoma asubuhi kwa baiskeli, kabla hajamaliza mji amekwisha kuwaona mnandi wakianika mabawa juu ya mawe ya ziwani, furukombe akipiga kelele mtini, na pimbi wakiota jua kwenye miamba. Mjusi dume wa kichwa chekundu anatikisa kichwa ukutani kama mzee anayekubali hoja barazani. Pale Butiama, Mwitongo, pimbi na tumbili ni wenyeji kama watu. Na anayeshuka kutoka Bunda kuelekea lango la Ndabaka hukutana na nyani kando ya lami, na kwa nyakati fulani za mwaka huona nyumbu na pundamilia bila kulipa kiingilio.

Mwaka 1961, katika tamko lake la Arusha juu ya wanyamapori, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba viumbe hawa si chanzo cha mshangao na msukumo tu, bali ni sehemu ya maliasili yetu na ya maisha yetu ya baadaye, na kwamba tuna wajibu wa kuwatunza kwa ajili ya wajukuu. Sisi tunaongeza jambo la afya. Kuendesha baiskeli kunaimarisha moyo na mapafu, na kusimama kidogo kumtazama ndege kunapumzisha akili iliyochoka. Dawa hiyo haiuzwi dukani, na maskini anaipata sawa na tajiri.

Wanaopigwa bure

Tuwataje sasa wale tunaowaonea. Wa kwanza ni bundi. Akilia juu ya paa, watu husema ameleta kifo, na asubuhi vijana wanamtafuta kwa mawe na manati. Lakini bundi amefuata panya. Panya ndiye anayekula mahindi yetu ghalani, na panya ndiye anayemvuta nyoka aingie ndani. Kwa hiyo anayemwua bundi anamlisha panya, na anayemlisha panya anamkaribisha nyoka chumbani kwa watoto.

Wa pili ni mjusi kafiri. Wako wanaoamini kwamba ana sumu, na kwamba akidondokea chungu chakula chote kimwagwe. Hana sumu. Usiku kucha yuko karibu na taa akila mbu na nondo. Chakula kifunikwe kwa sababu ya usafi, naye aachwe afanye kazi yake. Wa tatu ni kinyonga, ambaye hana sumu wala meno ya kumdhuru mtu, na bado watu wazima humkimbia wakipiga kelele.

Hatuwacheki wazee wetu. Mila nyingine zilitunza viumbe vizuri. Koo za Wakurya zina wanyama wao wa mwiko, na Wazanaki wameutunza msitu wa Muhunda kwa heshima mpaka leo. Tunachosema ni kwamba hofu isiyo na sababu ina gharama, maana inatufanya tuangalie upande usiokuwa na hatari.

Hatari ya kwanza inabweka

Mnyama wa kuogopwa kuliko wote katika nyumba zetu si simba wala chui. Ni mbwa asiyechanjwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kichaa cha mbwa huua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, na karibu wote huambukizwa na mbwa. Katika watu wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na ugonjwa huu, wanne kati ya kumi ni watoto chini ya miaka 15. Mara nyingi mtoto huficha jeraha dogo kwa kuogopa kuchapwa. Ugonjwa unaweza kukaa kimya miezi miwili au mitatu, na dalili zikishatokea, kama vile kuogopa maji na kuchanganyikiwa, karibu hakuna anayepona.

Mkoa wetu una ushahidi wake wenyewe. Kati ya Oktoba 1996 na Februari 2001, watafiti waliendesha chanjo ya mbwa katika Wilaya ya Serengeti, wakachanja takriban mbwa 65 katika kila 100. Baada ya awamu ya kwanza, kichaa cha mbwa kilipungua kwa asilimia 70. Baada ya ya pili, kwa asilimia 97. Wilaya jirani ya Musoma, ambayo haikuwa katika mpango huo, haikuona upungufu kama huo. Watu wale wale, mbwa wale wale, hali ya hewa ile ile. Kilichotofautiana ni sindano.

Tena mbwa wetu hawaishii uani. Mwaka 1994 karibu theluthi moja ya simba wa Serengeti walikufa kwa ugonjwa uitwao distempa, ambao wataalamu waliufuatilia hadi kwa mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi. Tumezoea kulalamika kwamba wanyama wa porini wanatuletea madhara. Ni haki tukumbuke kwamba na sisi tumewapelekea.

Hatari ya pili imelala njiani

Nyoka wengi humkimbia mtu. Kifutu hakimbii. Yeye hulala kimya akiamini rangi yake ya majani makavu, na jioni hupenda njia yenye joto, ile ile tunayopita kwa miguu au kwa baiskeli tukirudi kutoka sokoni. Ndiyo maana huwauma wengi. Koboko na swila ni hatari pia, na swila mwingine hutema sumu machoni.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliingiza sumu ya nyoka katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa. Lilikuwa limesahauliwa kweli, maana linakadiriwa kuua watu kati ya 81,000 na 138,000 kila mwaka, nao ni wakulima, wachungaji na watoto, watu ambao sauti zao hazifiki mbali.

Hapa tuseme wazi juu ya jiwe jeusi. Nyumba nyingi bado wanalihifadhi, na zamani hata baadhi ya misheni zilisaidia kulisambaza kwa nia njema. Jiwe hilo halinyonyi sumu. Anayeonekana kuponywa nalo mara nyingi aliumwa na nyoka asiye na sumu, au aliyeuma bila kuitoa. Ubaya wake mkubwa ni kwamba mgonjwa hukaa nyumbani akisubiri lidondoke, na saa za kumwokoa zinapita.

Kwa wenye baiskeli na wenye mashamba

Kwa anayesafiri, shida kubwa ni saa. Kiboko hutoka majini usiku kwenda kula nyasi, na hurudi alfajiri. Mtu akijikuta kati yake na ziwa, ndipo anaposhambuliwa. Akina mama wasichote maji gizani, na wasiwe na desturi ya kuinama kila siku mahali pale pale, kwa sababu mamba anajifunza ratiba.

Kwa ndugu zetu wa vijiji vya Bunda vilivyopakana na hifadhi, tembo si picha nzuri ya kalenda. Ni mahindi ya mwaka mzima yaliyoliwa kwa usiku mmoja. Hatutawaambia wafurahie. Tunasema tu kwamba kumkaribia tembo kwa mienge na makelele, hasa mtu akiwa amekunywa, kumegeuza hasara ya shamba kuwa msiba. Kifuta jasho cha serikali ni kidogo, lakini hakuna kifuta jasho kinachomrudisha baba wa watoto. Ukimwona tembo njiani ukiwa na baiskeli, simama mbali, usipige kengele, geuza urudi.

Nyani na tumbili wasipewe chakula. Aliyezoea kupewa ndizi kwa mkono, siku nyingine huichukua kwa meno. Na anayepita maporini yenye mbung'o avae nguo za rangi hafifu, maana mdudu huyo, mwenye kueneza malale, anavutwa na rangi ya buluu na nyeusi.

Yakitokea, fanyeni hivi

1. Aliyeumwa na mbwa, au mnyama mwingine yeyote wa kushukiwa, aoshwe jeraha mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15. Kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa ajili ya chanjo, na amalize sindano zote.

2. Aliyeumwa na nyoka atulizwe, avuliwe pete, bangili na viatu, na kiungo kifungwe ubao kisitikisike kama mfupa uliovunjika. Asichanjwe kwa wembe, asinyonywe, asifungwe kamba ya kukaza. Apelekwe hospitali bila kutembea. Aitwe mwenye pikipiki au gari.

3. Aliyetemewa sumu machoni aoshwe kwa maji mengi safi, kisha apelekwe kwa mganga wa hospitali.

4. Kwa kuzuia: tochi kila usiku, viatu shambani, chandarua kilichochomekwa vizuri, kuni mbali na mlango, na ghala lisilo na panya.

Tunachopendekeza

Tarehe 28 Septemba kila mwaka ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani. Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia. Jumuiya zetu ndogo ndogo zinajua kila nyumba ina watu wangapi; hazishindwi kujua ina mbwa wangapi. Tunapendekeza kila jumuiya iandike hesabu hiyo na kuipeleka kwa bwana mifugo, ili siku ya chanjo itangazwe mapema na watoto wafike na mbwa wao wakiwa na kamba. Dozi ya mbwa ni rahisi kuliko sindano zote za mtu mmoja, na ni rahisi mno kuliko jeneza la mtoto.

Vilevile, viongozi wetu waulize wilayani, kwa upole lakini bila kuchoka, ni hospitali ipi ina chanjo ya kichaa cha mbwa na dawa ya sumu ya nyoka. Jibu likipatikana, libandikwe mlangoni pa kanisa na shuleni. Saa ya msiba si saa ya kuanza kuuliza njia.

Na wazazi, tuwafundishe watoto kutazama kabla ya kurusha jiwe. Mtoto anayeweza kumtofautisha kinyonga na kifutu, kenge na mamba, amepata elimu itakayomlinda, naye atafurahia safari zake za baiskeli maisha yake yote.