Sura Thelathini na Tisa za Ayubu

Tumbe ni kijiji cha wavuvi kaskazini ya kisiwa cha Pemba, katika wilaya ya Micheweni. Karibu watu wake wote ni Waislamu. Wakristo ni wachache mno, na aghalabu ni watu wa bara walioletwa na kazi. Walakini katika jambo moja majirani hawa husema lugha moja. Mvuvi akienda dago asirudi, Mwislamu husema huu ni mtihani. Mkristo aendaye kutoa mkono wa rambirambi hujibu kwamba ni majaribu. Kisha wote wawili huinamisha vichwa. Hapana ubaya katika hayo. Ubaya huanza pale neno hilo litokapo katika kinywa kisichostahili kulisema, na mimbari nyingi za Kikristo katika Afrika ya Mashariki zimekuwa vinywa vya namna hiyo.

Maneno yenyewe yana onyo ndani yake. Balaa katika Kiarabu huchukua pia maana ya jaribio; Kiswahili kimeiacha maana hiyo kikashika maafa. Kwa Wakristo mambo yamekuwa kinyume: neno moja, jaribu, limetwishwa mizigo miwili, yaani taabu impatayo mtu na ushawishi umvutao dhambini. Ndiyo sababu katika Sala ya Bwana Waprotestanti hutaja majaribu mahali ambapo Wakatoliki hutaja kishawishi. Kigiriki nacho kilikuwa na neno moja kwa yote mawili, basi lawama si ya wafasiri. Lawama ni ya wasomaji. Waraka wa Yakobo, katika sura moja, huwataka waumini wayapokee majaribu kwa furaha, kisha hukana kwamba Mungu humjaribu mtu yeyote. Nusu ya kwanza husomwa kila msiba. Nusu ya pili ni nadra kusikika.

Usiku wa kuamkia tarehe 10 Septemba 2011, meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikitoka Unguja kwenda Pemba. Sikukuu ya Idi ilikuwa imepita siku chache tu. Chombo kilichoruhusiwa kuchukua abiria 645 kilikuwa kimejazwa watu na shehena kupita kadiri yake. Maiti zilizopatikana zilizidi 200, na wengi wengine bahari haikuwarudisha. Haikutimia mwaka, tarehe 18 Julai 2012, MV Skagit nayo ikazama karibu na Chumbe ikitoka Dar es Salaam.

Mama wa Pemba aliyepotewa na mwana katika maji yale, akisema kuwa huo ni mtihani wa Mungu, hapana mwenye haki ya kumsahihisha. Neno hilo kwake ni kamba. Amelishika asizame naye. Lakini mhubiri ambaye hakupotewa na kitu, akilisema neno lilo hilo mimbarani, amelifanya guo la kufunikia. Amemfunika aliyepakia, amemfunika aliyeruhusu, na mzigo uliopakiwa kwa mikono ya watu ameutwika kichwani pa Mungu. Ikiwa ule ulikuwa mtihani kweli, basi waliotahiniwa walikuwa hao wawili, nao walishindwa mara mbili katika muda wa miezi kumi.

Hapo ndipo huletwa Ayubu na subira yake. Ayubu hupendwa na pande zote mbili. Waswahili Waislamu walimtungia utenzi tangu zamani. Kitabu chake katika Biblia kina sura 42. Mahubiri huchukua 2 za mwanzo, ambamo Ayubu hunyenyekea, na ile ya mwisho, ambamo hurudishiwa mali. Zilizo katikati ni 39, nazo zimeachwa kama shamba lisilo mwenyewe. Humo Ayubu huilaani siku aliyozaliwa, hukataa kuungama kosa asilolitenda, na hudai kusikilizwa shauri lake mbele ya Mungu mwenyewe. Wanaohubiri humo ni rafiki zake: huna budi umekosa, tubu, Mungu haonei. Mwisho wa kitabu hasira ya Mungu huwashukia hao wahubiri, wala si mlalamikaji.

Ukoo wa Elifazi haujakatika. Wako leo wasemao kwamba taabu ya mtu ni alama ya imani haba, au laana ya ukoo, na dawa yake ni mafuta ya upako yauzwayo mlangoni. Kuhusu Pemba wana jawabu jepesi zaidi: kisiwa cha uchawi! Hao hawakusoma habari ya mnara wa Siloamu, ulioanguka ukaua watu 18, wala jinsi Yesu alivyokataa katakata kwamba wafu wale walikuwa wakosaji kuliko wenzao.

Watasema kuwa kukagua meli si kazi ya padri. Paulo naye hakuwa baharia, alikuwa mfungwa. Katika sura ya 27 ya Matendo ya Mitume alionya kwamba safari ile ingeleta hasara ya roho za watu, na akida akamsikiliza nahodha na mwenye merikebu kuliko yeye. Dhoruba ilipokuja, aliwazuia mabaharia waliotaka kutoroka na mashua, akawahimiza watu wale chakula wapate nguvu. Wote 276 walifika pwani wazima. Paulo alimtumaini Mungu kwa dhati, na tumaini hilo halikumziba macho asione bahari.

Wenyeji nao hawakuzoea kuficha jina la mtesaji. Huko Chwaka, jirani na Tumbe, yapo magofu yanayohusishwa na Haruni, asemwaye kuwa mwana wa Mkame Ndume wa Pujini. Masimulizi yaeleza jinsi mtawala yule alivyowatesa watu kwa kuwabebesha mawe ya ujenzi. Jina lake hufasiriwa kuwa mkama wanaume, kama mtu akamavyo ng'ombe. Waliokamwa hawakuisingizia mbingu.

Wakristo wa madhehebu ya Marafiki, waitwao Quaker, walianza kazi yao Banani, karibu na Chake Chake, mwaka 1897, mwaka wa amri ya kufuta utumwa iliyowalipa fidia mabwana na kuwaacha watumwa mikono mitupu. Imani yao kwamba jembe ni dawa ya roho ilizidi kipimo. Lakini waliowajia hawakuambiwa wangoje thawabu ya subira. Walipewa mahali pa kukaa na kazi ya ujira.

Rafiki za Ayubu walitenda jema moja kabla ya kufungua vinywa: waliketi naye chini siku 7 bila kusema neno. Mkristo wa Tumbe aweza kuketi vivyo hivyo juu ya jamvi la msiba wa jirani yake. Na siku ya nane liko gati la Wete, ambako abiria huweza kuhesabiwa.