Tukitembelea Makao ya Wazee, Tufunue na Shuka



Kila Kwaresima, na tena ifikapo tarehe 1 Oktoba, Siku ya Wazee Duniani, jumuiya zetu na vikundi vya WAWATA hukusanya sabuni, sukari, mchele na kanga, wakaenda kuwatembelea wazee katika makao yao. Tangu mwaka 2021 tunayo pia Jumapili ya nne ya Julai, ambayo Papa Fransisko aliiweka kwa ajili ya mababu, mabibi na wazee wote. Siku hizo wazee huogeshwa, huketishwa kivulini, nyimbo huimbwa, zawadi hutolewa, na wageni hurudi nyumbani kabla jua halijatua. Ni jambo jema, na lisiachwe. Lakini sisi wauguzi tunapenda kuuliza: yule mzee ambaye hakuweza kutolewa nje siku hiyo, nani aliingia ndani kumwona?

Tunauliza kwa sababu huyo ndiye tunayempokea wodini. Huletwa hali ikiwa imekwisha kuwa mbaya, ana homa, midomo imekauka, hajui aliko. Tukimgeuza, tunakuta kidonda kiunoni kilichochimba hadi kwenye mfupa. Kidonda cha namna hiyo hakikuanza jana. Kimelaliwa kwa majuma mengi. Wapo waliofia mikononi mwetu baada ya wadudu wa kidonda kuingia katika damu, ilhali kitabu cha wageni cha makao walikotoka kimejaa maneno ya shukrani na sifa.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya: makao ya wazee yakaguliwe, yawe ya Serikali, ya Kanisa au ya mtu binafsi, na ukaguzi uanzie kitandani kwa mzee asiyeweza kuamka, si ofisini, wala kwenye ukuta uliopakwa rangi mpya.

Wanaokaa humo ni akina nani?

Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 ilisema kwamba mzee atunzwe kwanza na familia na jamii yake, na kwamba makao yawe njia ya mwisho. Maana yake ni kwamba anayefika katika makao kama Nunge kule Kigamboni, Kolandoto Shinyanga au Bukumbi Mwanza, mara nyingi ni mtu asiye na mwana wala ndugu wa kumtetea. Mgonjwa mwenye watoto wodini, asipobadilishiwa shuka, bintiye atakuja kutugombeza. Mzee wa makao hana binti huyo. Basi parokia ndiyo iwe binti yake.

Mambo ya kuangalia

Kwanza, ngozi. Kidonda cha kulalia hutokea pale mfupa unapokandamiza nyama na damu isipite: kiunoni, nyonga, visigino, viwiko na kisogo. Mzee asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana, na shuka iwe kavu, bila mikunjo. Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu. Kwa ngozi yetu nyeusi wekundu huo hauonekani vizuri. Tazama mahali palipokuwa peusi zaidi kuliko pengine, na ukipagusa ni pa moto au pagumu. Hapo bado hapajapasuka, na mzee anaweza kuokolewa. Florence Nightingale aliandika tangu mwaka 1860 kwamba kidonda cha namna hii kwa kawaida si lawama ya ugonjwa bali ya uuguzi. Nasi tunakubali. Ndiyo maana mgongo wa mzee ni cheti cha makao yote.

Baadhi ya makao yetu yalianza kama makazi ya wagonjwa wa ukoma. Wako wazee ambao ugonjwa ulikwisha pona lakini miguu haina hisia. Hao wakaguliwe nyayo kila siku, kwa kuwa hukanyaga msumari au kaa la moto wasijue.

Pili, maji ya kunywa. Mzee haoni kiu kama kijana. Wengine hukataa maji makusudi, kwa kuogopa kukojoa kitandani na kugombezwa. Angalia kama kikombe kipo karibu na mkono wake, na kama mkono huo una nguvu za kukiinua. Mkojo mweusi kama chai ya rangi, na mzee aliyeanza kuweweseka ghafla, ni dalili za hatari. Watu husema "uzee tu", kumbe ni upungufu wa maji, au malaria, au nimonia.

Tatu, chakula. Usiulize tu wamepika nini; kaa uone nani anakula. Mzee asiye na meno akipewa makande magumu hajapewa chakula. Aliyepata kiharusi alishwe ameketi wima, taratibu, asije akapaliwa, na asilazwe mara baada ya kula. Wapimwe uzito kila mwezi na uandikwe. Nguo zinazozidi kulegea mwilini hazidanganyi.

Nne, kuanguka. Mzee akivunjika nyonga huenda asitembee tena, na wengine hawamalizi mwaka. Tazama sakafu kama ina maji, kitanda kama ni kirefu mno, njia ya kwenda chooni kama ina taa na mahali pa kujishikia. Fika pale usiku. Choo kinachoonekana karibu saa nne asubuhi huwa mbali sana saa nane ya usiku.

Tano, dawa. Kila mzee awe na dawa zake zenye jina lake, na kitabu kinachoonyesha nani alimpa, saa ngapi. Dawa za presha na za kisukari zikikatizwa kwa sababu zimekwisha, aliyetoa taarifa ni nani, na lini? Uliza pia juu ya dawa za usingizi. Dawa ya kumlaza mzee anayepiga kelele, bila daktari kuiagiza, ni kamba isiyoonekana. Na kamba zenyewe tumekwisha kuona alama zake kwenye mikono ya watu.

Sita, moto na hewa. Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani usiku wa baridi. Hewa yake huua watu wakiwa usingizini. Milango isifungwe kwa kufuli kwa nje. Mhudumu wa zamu ajue nani atabebwa kwanza moto ukitokea.

Saba, madaftari. Daftari la vifo lionyeshe nani amefariki, lini, na kwa sababu gani. Anayekohoa zaidi ya majuma mawili, je, alipimwa makohozi? Fedha za mzee anayepata pensheni au msaada, nani anazitunza, na mzee aliweka dole gumba wapi?

Mwisho, mzungumze na mzee peke yake, mhudumu akiwa mbali. Muulizeni maswali mepesi: Usiku ukiita, nani huja? Unamwogopa nani hapa? Akinyamaza na kuangalia mlangoni, mmekwisha kujibiwa.

"Huku si kuwadharau watumishi?"

Wapo watakaosema kwamba masista na wahudumu hawa wamejitoa maisha yao, na kuwakagua ni kuwavunja moyo. Sisi tunaosema haya tumekaguliwa miaka yote ya kazi yetu. Timu ya wilaya huja, hufungua kabati la dawa, huhesabu, huuliza. Hatupendi siku hiyo, lakini mgonjwa wetu yuko salama zaidi kwa sababu yake. Huko Uingereza wakaguzi wa makao ya wazee kwa kawaida hufika bila kutoa taarifa, na tangu mwaka 2015 nyumba hulazimika kubandika alama iliyopata mahali ambapo kila mgeni ataiona. Mhudumu mwema hana hasara hapo. Hasara ni yake pale anapofanya kazi vizuri akachanganywa na mvivu, kwa kuwa hakuna aliyekuja kutazama.

Wengine watasema hakuna fedha. Ni kweli, na ukaguzi wa haki lazima uandike pia alichonyimwa mhudumu. Mtu mmoja akiachiwa wazee thelathini usiku, hawezi kuwageuza hata akiwa mtakatifu. Kosa hilo ni la aliyempanga. Lakini kusogeza kikombe, kukausha sakafu, na kupima joto la maji ya kuoga kwa kiwiko kabla ya kummwagia mzee, haya hayangoji mfadhili.

Tunapendekeza nini?

Kila parokia yenye makao ya wazee katika eneo lake iunde kikundi kidogo cha watu wanne: muuguzi au mganga, hata kama amestaafu, mjumbe wa Caritas, mama mmoja na baba mmoja kutoka jumuiya. Wapatane na uongozi wa makao na Afisa Ustawi wa Jamii kwamba wataingia mara nne kwa mwaka, na walau mara moja usiku bila kutangaza. Kufunua shuka ni kazi ya muuguzi peke yake, tena kwa ruhusa ya mzee na nyuma ya pazia, maana mzee si maonyesho. Wengine waangalie maji, jiko, choo na madaftari. Taarifa iandikwe ukurasa mmoja, isomwe kwanza kwa wahudumu wenyewe, kisha iende kwa paroko na kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Safari inayofuata ianze kwa kuuliza yale ya safari iliyopita yametendeka au la. Wakikuta mzee amepigwa au ameachwa na njaa, wasingoje mkutano. Siku hiyo hiyo aletwe hospitali na polisi waarifiwe.

Zawadi nazo zifuate taarifa. Kama hakuna makintoshi za vitanda, tusipeleke tena kanga arobaini.

Mwaka 1839, katika mji wa Saint-Servan nchini Ufaransa, Jeanne Jugan alimchukua nyumbani kwake bibi mmoja kipofu aliyepooza, akampa kitanda chake mwenyewe, yeye akaenda kulala darini. Shirika alilolianzisha, Masista Wadogo wa Maskini, leo linatunza wazee hata Nairobi, na mwaka 2009 Papa Benedikto XVI alimtangaza kuwa Mtakatifu. Kipimo chake kinatosha kwa mkaguzi yeyote. Akimaliza kuzunguka, asimame mbele ya kitanda kibaya kuliko vyote alivyoviona humo, ajiulize kama angekubali mama yake alale hapo usiku wa leo. Asipokubali, basi aandike hivyo, na aweke sahihi yake.