Usipoziba Ufa

Jamani, kila tukikutana tunalalamika kwamba jela za vijana hapa Uingereza zimejaa watoto wetu weusi. Si uongo: ripoti ya David Lammy ya 2017 ilionyesha asilimia 41 ya vijana waliofungwa si wazungu. Lakini tumefanya nini?

Kijana wa miaka 10 hadi 17 akikiri kosa lake la kwanza, mara nyingi mahakama humpeleka kwenye jopo la mtaa: wakazi wawili wanaojitolea, na afisa mmoja. Wanakaa naye na mzazi, wanapatana atalipaje kosa na atasaidiwaje, kwa miezi 3 hadi 12.

Miaka mitatu nilidhani hiyo ni kazi ya wenyeji. Wiki hii nimejaza fomu. Mhandisi gani anangoja ukuta uanguke? Jaza na wewe.