Kauliza kanisa, kaonyeshwa "gereza"!

Haya nyie wa kuvuka mipaka, ya leo ni ya mshikaji wangu mmoja wa Hanga, kule mkoani Ruvuma. Kavuka mto mpaka Lichinga, Msumbiji, bila Kireno hata cha kuombea maji. Stendi akapotezana na wenzake, pesa zote wanazo wao, na jua ndo hilo linazama.

Mtoto wa Hanga, kakua akisikia kengele ya abasia ya Wabenediktini, akili ikamtuma kanisani. Akapiga ishara ya msalaba mbele ya bibi mmoja muuza ndizi. Bibi akanyoosha kidole: "Igreja! Igreja!"

Jamaa kasikia gereza. Alitoka nduki hiyo!

Kumbe igreja ndo kanisa kwa Kireno, na gereza letu limezaliwa na neno hilohilo (Wareno nao!). Meza ni mesa, bendera ni bandeira, mvinyo ni vinho. Kireno tunacho mdomoni siku zote, ila hatujijui.

Bibi kaacha ndizi zake, kamfuata, kamshika mkono hadi mlangoni kwa padri. Hata obrigado jamaa hakuijua. Akampa shikamoo.